Spika ya Kushoto

Jumapili, 2 Machi

Nimeanza kuandika daftari hili kwa sababu humu ndani hakuna anayetaka kunisikiliza nikizungumza habari za spika. Mke wangu amesema waziwazi: "Hayo kamwandikie mtu mwingine." Haya, naandika.

Mimi ni fundi mkuu wa pampu kwenye kituo cha kusukuma maji. Nimekaa ndani ya ngurumo za mashine kwa miaka thelathini na moja, na nimebakiza miwili nistaafu. Mtoto wetu wa mwisho amehama mwezi uliopita kwenda kuanza kazi, na tangu hapo sebule imekuwa kimya mpaka saa ya ukutani inaonekana mropokaji. Uvunguni mwa kitanda nina sanduku la santuri nilizonunua ujanani, na kwa miaka ishirini sikuwa na chombo cha kuzipigia. Nimechoka kusikiliza muziki kwenye redio ya jikoni inayokohoa. Nataka kusikia sawasawa. Kwa hiyo jana nimeleta nyumbani pleya ya santuri, amplifaya na spika mbili, vyote vilivyotumika, vyote kwa ushauri wa shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ambaye ukoo mzima unamwita Besi kwa sauti yake nzito na kwa mdundo mzito wa spika, anaoupenda kuliko watu.

Nimeunganisha kila kitu. Imetoka sauti ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa.

3 Machi

Bado mbu.

5 Machi

Besi amekuja, akachungulia nyuma ya amplifaya, akacheka mpaka akashika ukuta. "Shemeji! Pleya umeichomeka kwenye tundu la redio!" Kumbe pleya ina tundu lake peke yake, limeandikwa kwa herufi ndogo kama za maelezo ya dawa. Nimechomeka pale. Sasa muziki upo. Na mvumo nao upo: mmmmmm, hausimami. Natoka kazini kuikimbia pampu, naikuta sebuleni imekaa inanisubiri.

8 Machi

Mvumo umekwisha. Kulikuwa na kawaya kembamba kananing'inia nyuma ya pleya, mimi nikadhani ni kipande cha takataka, kumbe ndiko ka kufunga kwenye amplifaya ili mvumo utoke. Nimelala kifudifudi saa mbili nzima, mke wangu akinivuka na kapu la nguo kama anavuka mfereji vile. Anadai ameniita mara tatu nikale. Hakuniita.

9 Machi

Mvua ya kwanza. Kazi itaanza sasa.

12 Machi

Santuri zinaimba, lakini gitaa zito halipo kabisa, kana kwamba mpigaji alikataa kuja studio. Nimempigia Besi simu. "Kwenye spika moja umefunga waya mwekundu penye mweusi," akasema, hata hakufikiri. Nimeangalia. Kweli. Inaudhi sana mtu mpuuzi anapokuwa na haki.

16 Machi

Hatimaye nimekaa kwenye kiti, nimeweka santuri ninayoipenda, nimefumba macho. Kulia: safi, nasikia mpaka vidole vikiteleza kwenye nyuzi. Kushoto: kama mtu anaimba ndani ya kabati la nguo.

Spika ya kushoto ni mbovu. Nilijua tu. Vitu vya mitumba.

17 Machi

Muuza vifaa amenisikiliza huku anakula karanga. Amesema si spika, ni sindano ya pleya, imelika upande mmoja. Nimenunua sindano.

18 Machi

Si sindano.

20 Machi

Kazini leo tumekwaruzana kidogo. Tuna mwendesha mitambo, binti wa miaka ishirini na sita, mwaka wake wa pili kituoni. Mimi namwita Binti Daftari kwa sababu haishi kuandika kwenye daftari la zamu. Mlango ukilia anaandika. Leo ameandika: "Pampu namba mbili inapiga mluzi upande wa mota."

Nimekwenda. Nimefanya kama ninavyofanya siku zote: ncha ya bisibisi kwenye nyumba ya beringi, mpini kwenye sikio, tochi mkono mwingine. Mashine inazungumza kupitia chuma. Namba mbili ilikuwa inanguruma vizuri, ngurumo nene, tulivu. Mluzi uko wapi?

"Mzee, husikii?" akaniuliza. "Ule mwembamba, wa juu."

"Mwanangu," nikamwambia, "mimi nilianza kuzisikiliza pampu hizi wewe hujazaliwa."

Nikaandika chini ya maneno yake: "Nimesikiliza. Iko sawa." Nikatia saini.

22 Machi

Nimebadilisha nyaya za spika, nimeweka nene kama kamba ya ng'ombe. Kushoto bado kabatini. Besi amesema tufanye jaribio la watu wenye akili: tuhamishe spika, ya kushoto iende kulia na ya kulia ije kushoto. Kama ni mbovu, ubovu utahama nayo.

Tumehamisha. Ile niliyoiita mbovu imefika kulia ikaimba kama malaika. Nzima imefika kushoto ikaingia kabatini.

"Basi ni amplifaya," akasema Besi, uso umemng'aa. Nadhani anafurahia.

27 Machi

Binti Daftari tena: "Namba mbili, mluzi umeongezeka." Nimesikiliza tena. Sawa. Nimetia saini. Nimemwambia kuna watu wakikaa peke yao na mashine wanaanza kusikia majina yao. Hakucheka.

29 Machi

Amplifaya mpya. Besi ameibeba mwenyewe kifuani kama mtoto mchanga. Ina taa ya buluu. Kushoto: kabati.

Mke wangu amesimama mlangoni, mikono kiunoni. "Mimi naisikia sawa kote kote."

"Wewe hujui kusikiliza," nikamwambia.

"Haya, bwana," akasema, akaenda zake.

2 Aprili

Mvua siku nne mfululizo. Mto umekuwa uji wa tope. Vichujio vinaziba kila baada ya saa chache. Binti Daftari ameandika mluzi mara mbili tena, nami nimetia saini mara mbili. Nimechoka.

5 Aprili

Ni chumba. Lazima ni chumba. Kushoto kuna dirisha, sauti inatoka nje kwenda kuwaburudisha majirani. Nimetundika blanketi dirishani. Nimesukuma kabati la vyombo. Nimekunja zulia. Mke wangu amerudi akakuta sebule ina giza kama ghala na meza ya chakula iko ukumbini.

"Wewe mwanamume," amesema, "mimi niliolewa kwenye nyumba yenye dirisha."

Blanketi limetoka. Wala halikusaidia kitu.

9 Aprili

Siku mbaya. Naandika yote.

Saa nne asubuhi nilikuwa karakana. Nilihisi sakafu imetikisika kabla ya kusikia chochote. Nilipofika ukumbi wa pampu, namba mbili ilikuwa imesimama, moshi unatoka upande wa mota, harufu ya grisi iliyoungua imejaa kila mahali. Binti alikuwa kwenye swichi kuu. Ameizima yeye, mkono bado uko juu ya mpini. Beringi ilikuwa imesagika, mhimili umekatika. Kipande cha chuma kimeruka kikatoboa ukuta wa bati, usawa wa kichwa cha mtu. Angekuwa amesimama hatua mbili mbele, leo ningeandika mengine.

Namba tatu iko kwenye matengenezo tangu Februari. Imebaki namba moja peke yake. Mitaa yote ya juu haina maji, wakati mvua inawanyeshea. Watu wameweka ndoo chini ya mapaa.

Mhandisi amefika mchana na viatu vyake safi. Ni kijana, msomi, si mtu mbaya, ila wakubwa zake walikuwa wanampigia simu kila baada ya dakika kumi. Alifungua daftari la zamu, akalisoma amesimama.

"Uliandika inapiga mluzi. Mara nne," alimwambia binti. "Kwa nini hukuizima?"

"Fundi mkuu aliandika iko sawa. Ningeizimaje?"

Akanigeukia. "Mzee, ulisikiliza mwenyewe?"

"Nilisikiliza."

"Ukasikia nini?"

"Ilikuwa inanguruma vizuri. Hapakuwa na mluzi."

Ndiyo kweli yangu. Nimesema nilichosikia. Binti alinitazama, halafu akatazama chini. Mhandisi alisema kama mluzi haukuwepo, basi kuna mtu aliandika ili ajikinge, labda kwa kuwa hakuweka grisi kwa ratiba. Binti akasema grisi aliweka. Nani alimwona? Alikuwa peke yake. Amesimamishwa kazi mpaka kamati ikae.

Alipopita karibu yangu akitoka, alisema kitu. Sikukipata. Nikaitikia kwa kichwa tu.

10 Aprili

Tumefungua namba mbili. Gololi za beringi zimekuwa kama mchele uliotwangwa. Grisi ilikuwepo, nyeusi, imeungua, lakini ilikuwepo. Nimemweleza Mhandisi. Amesema huenda iliwekwa siku ya mwisho kuficha. Nimefuta grisi mikononi. Beringi haifi hivyo kwa siku moja. Inachukua wiki, na wiki zote hizo inapiga kelele.

Basi kwa nini sikusikia?

13 Aprili, Jumapili

Nataka kuandika kabla sijaanza kujidanganya.

Mke wangu alikuwa ametoka. Niliweka santuri ile ile. Kulia safi, kushoto kabatini. Nilikuwa nimeshachoka hata kukasirika. Kifuniko cha kalamu kilinianguka nyuma ya kiti, nikageuza kiti kukitafuta, nikawa nimezipa spika kisogo.

Spika ya kushoto ikafufuka.

Nilibaki nimeinama hivyo hivyo. Ile ya kushoto, iliyonitesa mwezi mzima, sasa iko upande wangu wa kulia na inaimba wazi, kila uzi wa gitaa. Na ile nzima imeingia kabatini. Nikageuka. Ikarudi kama mwanzo. Nikageuka tena. Nilizunguka na kiti kile kama mtoto kwenye bembea, mara nne, mara tano. Ubovu haukuwa kwenye sindano, wala waya, wala amplifaya, wala dirisha. Ulikuwa unazunguka na mimi.

Nikaziba sikio la kulia kwa kidole. Santuri ikapotea karibu yote. Kikabaki kitu kinachonguruma chini, kinene, tulivu.

Nilikaa. Bisibisi huwa naishika mkono wa kushoto. Tochi mkono wa kulia.

14 Aprili

Zahanati wamekuta nta sikioni, nyingi, wameiosha kwa bomba la maji ya vuguvugu. Sijawahi kufurahia uchafu wangu mwenyewe kiasi hicho. Nimerudi nyumbani nusu nakimbia kwenye mvua, nimeweka santuri hata viatu sijavua.

Kabati.

17 Aprili

Daktari wa masikio ni mama mmoja asiyezunguka maneno. Aliniingiza kwenye kibanda kidogo, akanivalisha spika za kichwani, akanipa kitufe: ukisikia mlio, bonyeza. Upande wa kulia nilibonyeza mpaka kidole kikachoka. Upande wa kushoto nilibonyeza mara chache, halafu nikakaa nikisubiri aendelee. Kumbe alikuwa ameshamaliza.

Alinionyesha karatasi. Mstari wa kulia umeshuka kidogo, kwa umri. Wa kushoto unakwenda vizuri kwenye sauti nzito, kisha unaanguka kama ukingo wa mto uliomegwa.

"Sauti nzito unazipata," alisema. "Nyembamba, za juu, hakuna. Ndege, filimbi, mluzi, sauti za watoto. Unafanya kazi gani?"

Nikamweleza.

"Na vifuniko vya masikio?"

"Nikivaa, pampu nitaisikiaje?"

Alichukua kalamu. "Hili halirudi, baba. Tutalinda lililobaki." Akaandika cheti, akakiweka kwenye bahasha. "Mwajiri wako anapaswa kukiona."

18 Aprili

Bahasha iko ndani ya jalada la santuri. Hakuna anayejua. Mstari huu nimeufuta mara mbili: hakuna anayelazimika kujua. Miaka miwili tu. Naweza kuhamishia bisibisi mkono wa kulia.

20 Aprili

Nimemwambia mke wangu. Alikuwa anapiga pasi. Nilidhani atasema nilikwambia, maana ameniambia, kwa miezi, pengine miaka. Hakusema. Aliuliza:

"Yule binti yuko nyumbani siku ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

Akaendelea kupiga pasi. Alimaliza shati langu la kazi, akalitundika kwenye kiti mbele yangu, akalifunga vifungo vyote mpaka cha juu.

21 Aprili

Nilimngoja Mhandisi mlangoni pake asubuhi. Nikaweka karatasi mezani.

"Nini hii, mzee?"

"Sikio langu. Mluzi ulikuwepo. Binti aliusikia, mimi sikuweza kuusikia. Niliandika 'sawa' mara nne kwa sikio lisilosikia."

Alisoma muda mrefu kuliko karatasi yenyewe. "Unajua unachokifanya? Kamati inakaa keshokutwa. Nikiipeleka hii, hutagusa pampu tena."

"Najua."

"Ungeweza kukaa kimya." Hakusema kwa ubaya. Nadhani alikuwa anashangaa tu.

"Nimekaa kimya siku nne," nikasema. "Siitaki ya tano."

Nilitoka nikiwa na hasira na kila kitu: mvua, ngazi, viatu vyake safi, mimi mwenyewe. Sijui kwa nini watu husema ukishasema kweli unajisikia mwepesi. Nilijisikia kama nimebeba mota.

23 Aprili

Kamati imekaa. Binti anarudi Jumatatu, barua ya kumsimamisha imefutwa. Mimi nahamia stoo, kuhesabu beringi badala ya kuzisikiliza. Wamesema nishukuru. Wote wa ukumbi wa pampu watapewa vifuniko vya masikio na kifaa cha kupima mtikisiko. Kifaa hicho niliwahi kukikataa mwenyewe, miaka sita iliyopita. Nilisema mimi ndiye kifaa.

28 Aprili

Nilimsubiri getini. Sikutaka kumwomba msamaha mbele ya watu, halafu nikaona hapana, mbele ya watu ndipo nilipomdharau. Nikamwambia pale pale, walinzi wanasikia, wa zamu wanatoka na kuingia. Nilisema nilikukosea. Nilisema ulikuwa na haki tangu siku ya kwanza.

Alikuwa amekunja mwavuli wake, maji yanamchuruzikia viatuni. Alisogea upande wangu wa kulia. Alikuwa ameshaambiwa.

"Mzee, unajua nilikwenda kupimwa masikio?"

"Wewe?"

"Mwezi wa tatu. Uliposema kuna watu wanasikia majina yao. Nilisema huyu ni mzee wa pampu, hawezi kukosea mara zote, basi mimi ndiye mgonjwa. Wakaniambia masikio yangu mazima." Akakung'uta mwavuli. "Hata hapo sikuwaamini. Niliendelea kuandika, lakini nilishaanza kujiona mwongo."

Akanipita, akaingia. Mlangoni akavaa vifuniko vyake, vipya, vya rangi ya machungwa. Hakunisamehe. Wala hakusema hatanisamehe.

Jina lile la daftari sitamwita tena.

1 Mei

Stoo. Beringi mia mbili na kumi na tisa.

4 Mei

Nimetaka kuuza mtambo wote. Umefunikwa shuka tangu siku ile ya zahanati. Nimempigia Besi aje aubebe. Alikuja, akasikia habari yote, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakutoa ushauri kwa dakika nzima.

Halafu akasema, taratibu, akiwa upande wa kulia: "Shemeji, kuna swichi nyuma ya amplifaya. Inachanganya pande zote mbili, kila spika inaimba kila kitu. Nikikubonyezea hiyo, hakuna kitakachokupita. Hakutakuwa na kushoto tena, basi."

"Mwezi mzima hukuniambia?"

"Hukuwa unaihitaji. Ulikuwa unahitaji spika nzuri." Akatafuta neno. "Ndivyo tulivyojua."

Amebonyeza mwenyewe. Amekunja shuka. Amekataa hata chai. Mtu huyu nimemtukana karibu kila ukurasa.

10 Mei

Mvua imeanza kukatika. Majirani wametoa magodoro juani.

Nimepiga santuri na swichi ya Besi. Kila kitu kipo, kweli. Kimerundikana katikati kama mizigo stendi. Nimeibonyeza ikarudi kama ilivyokuwa. Afadhali nijue kilipo hata kama sikifikii.

11 Mei, Jumapili

Jioni mapema, jua lipo bado. Mke wangu aliingia na kiti cha jikoni, akakiweka kushoto kwangu, karibu mpaka magoti yakagusana. Kabla ya leo hajawahi kukaa kusikiliza. Alisema niweke yoyote. Niliweka ile ya siku zote.

"Huku kwangu kuna mtu anatikisa kitu," alisema baada ya muda, akiinama mbele ili nimwone mdomo. "Kama mbegu ndani ya kopo. Sasa ameacha. Sasa kuna mwanamke, anaitikia. La, ni wawili."

"Hakuna wanawake kwenye santuri hii. Ninayo tangu sijakuoa."

"Wawili. Mmoja amechelewa kidogo, halafu anamfuata mwenzake. Aa! Amekosea, nadhani, wameiacha hivyo hivyo. Anacheka."

Nilimwambia anyamaze, ananizibia muziki.

"Nikinyamaza utasikia nini?" akauliza.

Santuri ilifika mwisho, sindano ikawa inakwaruza pale katikati. Niliinuka, nikairudisha mwanzo. Nilipokaa nilikuta ameshasogeza kiti changu kidogo, sasa kimemwelekea yeye.

"Haya," nikamwambia. "Anza tangu yule wa kopo."